Siku tisa za kula, kunywa na kutazama Puglia, kusini mwa Italia

Puglia ni mkoa ulio kwenye kisigino cha Italia, mrefu na mwembamba, una bahari ya Adriatiki upande mmoja na ya Ionio upande wa pili. Wageni wengi hupita huku siku mbili tu. Hupiga picha kwenye nyumba za Alberobello, hula tambi saa kumi alasiri kwenye mgahawa wenye menyu ya picha, kisha huondoka wakisema chakula kilikuwa cha kawaida. Kosa si la chakula. Huku kila chakula kina mji wake, msimu wake na saa yake, na ukikikuta nje ya hivyo vitatu hujakionja bado. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga safari kwa kufuata jiko kwanza, na vivutio vinajazwa katika saa zinazobaki.

Msomaji wa Malindi, Watamu au Nungwi, aliyezoea migahawa ya Kiitaliano ya pwani yetu, asitarajie kukuta vyakula vile vile. Jiko la Puglia ni la wakulima na wavuvi: ngano ngumu, mafuta ya zeituni, mboga chungu, kunde, kome na pweza. Siagi na krimu hutumika kwa uchache sana.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Vipindi bora ni katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni, na katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Agosti iepuke ukiweza. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Ferragosto, na wiki za kuizunguka Waitaliano wenyewe wako likizo: fukwe zinajaa, bei za vyumba zinapanda, na mijini migahawa midogo mingi inafungwa.

Msimu huamua utakula nini. Cime di rapa, mboga ya majani na vichwa vya maua vyenye uchungu kidogo, ya ukoo mmoja na sukuma wiki, ni ya miezi ya baridi, takriban Novemba hadi Machi. Ukiiona kwenye menyu Julai, imetoka kwenye friza. Kiangazi agiza tambi zile zile kwa mchuzi wa nyanya na jibini ya cacioricotta iliyokwaruzwa juu, utakula vizuri zaidi. Mafuta mapya ya zeituni hutoka Oktoba hadi Desemba. Zabibu za Primitivo huanza kuvunwa mwishoni mwa Agosti, na za Negroamaro hufuata wiki chache baadaye.

Anayependa taa na sherehe apange kuwa Scorrano, kusini ya Lecce, mwanzoni mwa Julai kwenye sikukuu ya Santa Domenica. Mji mzima hujengewa matao na minara ya mbao iliyofunikwa kwa balbu za rangi, na taa huwashwa zikifuata muziki. Fika kabla ya jua kuzama, kwa sababu barabara hufungwa mapema.

Viza na kufika

Wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla, lakini kinachowakwamisha wengi ni nafasi ya miadi, basi anza mapema. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi viza tena.

Shukia uwanja wa ndege wa Bari, au chukua treni ya kasi kutoka Roma Termini, safari ya takriban saa nne. Kutoka uwanja wa Bari kuna treni ya moja kwa moja hadi katikati ya mji, chini ya nusu saa.

Lala sehemu tatu tu

Usiku tatu Bari, mbili Locorotondo au Martina Franca, tatu Lecce. Anayehama kila siku anakosa saa za jioni, na jioni ndiyo wakati watu wa huku wanapokula.

Treni za Trenitalia kati ya Bari na Lecce ni nyingi, na nyingine hazifiki saa mbili njiani. Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine ndogo iliyopo kwenye jukwaa kabla ya kupanda, na ya kwenye simu ithibitishe ndani ya programu. Mkaguzi hapokei maelezo ya ugeni. Alberobello, Locorotondo na Martina Franca zinahudumiwa na Ferrovie del Sud Est. Hapo soma ratiba kwa makini: Jumapili safari hupungua mno, na wakati wa matengenezo ya reli treni hubadilishwa kuwa basi. Ukiona neno "sostitutivo" kwenye ratiba, ni basi, na linaweza kuondokea nje ya stesheni. Treni za Matera ni za kampuni nyingine, FAL, zenye stesheni yake mlango wa jirani na Bari Centrale. Jumapili angalia ratiba kwanza, maana huenda ukakuta mabasi badala ya treni.

Gari linafaa kwa siku za Valle d'Itria, bonde la Alberobello na Locorotondo, na mashamba ya mizabibu tu. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, na kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana, maana kampuni nyingi hukataa kadi ya kawaida ya benki. Adui mkubwa ni alama ya ZTL, eneo la mji mkongwe lililofungiwa magari. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini hukufikia miezi baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha, ikiwa na ada yake juu. Egesha nje ya kuta za mji, utembee.

Saa za jiko

Saa zote humu ni za Kiswahili. Chakula cha mchana ni saa sita u nusu hadi saa nane u nusu. Cha usiku huanza saa mbili, na kabla ya saa moja u nusu jikoni hakujawashwa moto. Maduka mengi hufungwa saa saba u nusu hadi kumi na moja jioni. Mgahawa unaopika mfululizo kutwa nzima, karibu kila mara umewekwa kwa ajili ya watalii.

Mlo una hatua: antipasto ni vya kuanzia, primo ni tambi au wali, secondo ni nyama au samaki, contorno ni mboga. Hakuna anayekulazimisha kupita zote. Puglia kuna mtego wa pekee: "antipasto della casa" inaweza kuwa sahani nane au kumi ndogo zinazoletwa moja baada ya nyingine, na mtu anayeagiza pia tambi na nyama hushindwa katikati. Watu wawili waagize antipasto moja ya kugawana, waseme "da dividere", kisha kila mmoja achague primo. Kwenye bili utaona "coperto", euro chache kwa kila kichwa kwa ajili ya mkate na meza. Ni halali, na bakshishi si ya lazima. Bili hailetwi mpaka uiombe. Kuiweka mezani kabla hujaiita ni kama kukufukuza.

Kahawa ya kusimama kwenye kaunta ni ya bei nafuu kuliko ya mezani. Kwenye baa za stesheni lipa kwanza, kisha peleka risiti kwa mwenye mashine.

Bari: unga, mafuta na pweza

Siku ya kwanza nenda bandari ndogo ya Molo San Nicola asubuhi, kando ya mji mkongwe. Wavuvi huuza hapo walichovua, na utaona kazi ambayo mtu wa Unguja ataitambua mara moja: pweza anapigwa. Tofauti iko mbele yake. Huku baada ya kumpiga kwenye jiwe humsugua, kisha humtikisa ndani ya beseni la maji ya bahari mpaka mikono ijikunje na nyama igande kidogo. Kupiga hukata nyuzi ngumu, na kule kutikisa ndiko kunakompa mkatiko unaosikika kwenye meno. Kisha analiwa mbichi. Jaribu ukitaka, lakini chagua vizuri. Kome na chaza wabichi ndio wa hatari zaidi kwa sababu huchuja maji wanamoishi. Mlipuko wa kipindupindu wa 1973 ulioanzia Napoli na kufika Bari ulihusishwa na kome. Mjamzito, mtoto na mwenye ini dhaifu wale vilivyopikwa. Samaki mbichi wa mgahawani ana ulinzi zaidi: sheria ya Ulaya inataka agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa angalau saa 24 ili minyoo ife.

Saa nne asubuhi ingia dukani kwa mwokaji. Focaccia ya Bari si mkate wa kawaida. Kinyunga kina unga wa ngano ngumu na viazi vilivyochemshwa na kupondwa. Hutandazwa kwenye sinia la chuma la duara lililomwagiwa mafuta ya zeituni, hupondewa nyanya ndogo kwa mkono juu yake, hutiwa zeituni na oregano. Viazi ndivyo vinavyoweka ulaini ndani, na yale mafuta ya chini hukaanga kitako chake. Basi kagua kitako kabla ya kununua: kiwe cha hudhurungi na kigumu. Kikiwa cheupe na kinyevu, imetolewa mapema au imeokwa jana. Ya moto moto ni bora saa nne hadi sita. Baada ya hapo ngoja mzigo wa jioni.

Kwenye njia ya Arco Basso, karibu na lango la ngome ya Svevo, wanawake huviringisha orecchiette mbele ya milango yao. Ni tambi za unga wa ngano ngumu na maji tu, bila yai. Kipande kidogo huburutwa kwa kisu kisicho na makali juu ya ubao, kisha hupinduliwa kwa kidole gumba mpaka kiwe kama kisikio. Mburuto ule huacha ukwaru mgongoni, na mchuzi hushika hapo. Unaponunua tazama ndani ya mfuko: za mkono hazilingani ukubwa wala unene. Zikiwa sawasawa zote, zimetoka kiwandani, na si kila mfuko unaouzwa mtaani hapo umetengenezwa hapo.

Kama nyumba yako ya kukodi ina jiko, zipike siku hiyo hiyo. Kwa watu wanne: gramu 500 za orecchiette mbichi au 350 kavu, kilo 1 ya cime di rapa kabla ya kusafishwa, dagaa wa chumvi wa mafuta (acciughe) minofu 4, vitunguu saumu punje 2, pilipili kavu 1, mafuta ya zeituni vijiko 6.

1. Toa mashina magumu, acha majani laini na vichwa vya maua.
2. Chemsha maji lita 4 kwa gramu 40 za chumvi. Tia mboga dakika 5, kisha tambi katika maji hayo hayo, bila kuyamwaga. Mbichi huchukua dakika 4 hadi 6. Kavu 10 au zaidi.
3. Pasha mafuta kwa moto mdogo na vitunguu saumu na pilipili, ondoa motoni, tia dagaa uwaponde mpaka wayeyuke. Wakiungua, mchuzi wote unakuwa mchungu.
4. Chuja kwa kuacha kikombe cha maji, changanya kwa nguvu dakika moja juu ya moto.

Jibini haiwekwi. Kinachoharibu mlo huu mara nyingi ni kuchemsha mboga kwenye maji mengine: tambi hukosa ladha, na mboga hubaki kama kitu cha pembeni.

Mchana ulizia tiella, yaani wali, viazi na kome vilivyopangwa kwa tabaka na kuokwa pamoja. Kome hufunguliwa wabichi, maji yao humwagiwa juu, na wali huivia ndani ya maji hayo. Huwa mtamu zaidi ukiwa vuguvugu kuliko moto. Jioni, mji mkongwe hukaanga: sgagliozze ni vipande vya ugali wa mahindi ya njano vilivyotumbukizwa kwenye mafuta na kunyunyiziwa chumvi, na panzerotto ni sambusa kubwa ya nusu duara yenye nyanya na mozzarella. Ichane ncha na uache mvuke utoke kwanza. Jibini iliyoyeyuka ndani huchoma ulimi vibaya.

Kati ya milo, shuka chini ya kanisa la San Nicola. Mabaharia wa Bari walileta mifupa ya mtakatifu huyo kutoka Myra mwaka 1087, na hadi leo Waorthodoksi na Wakatoliki husali humo humo. Mabega na magoti yafunikwe.

Siku moja Altamura na Matera

Treni ya FAL inayokwenda Matera hupita Altamura. Shuka huko kwanza, asubuhi, kwa ajili ya mkate. Mkate wa Altamura una hati ya DOP, inayolinda jina la chakula cha eneo lake, tangu 2003, hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu uliosagwa mara mbili na hamira ya asili, na gamba lake lisipungue unene wa milimita 3. Gamba hilo ndilo hufanya ukae karibu wiki bila kuharibika, maana wachungaji walikwenda nao porini. Chukua wa nusu kilo, ukate kwa kisu cha meno. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, gamba litalegea. Tumia karatasi au kitambaa.

Matera iko mkoa wa Basilicata. Sassi ni mitaa ya nyumba zilizochongwa kwenye mwamba. Sheria ya 1952 ilianza kuwahamisha wakazi kwa sababu ya hali duni ya afya, UNESCO ikaiorodhesha 1993, na 2019 mji ukawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Ingia pango la Vico Solitario lililoachwa na vyombo vyake ili uone familia na mnyama wao walivyoishi chumba kimoja. Halafu shuka Palombaro Lungo, birika kubwa la maji lililochimbwa chini ya uwanja wa Vittorio Veneto. Ujenzi wa mji huu haueleweki mpaka uone jinsi walivyokusanya mvua. Mezani agiza peperoni cruschi, pilipili tamu kavu zinazokaangwa sekunde chache tu.

Valle d'Itria

Alberobello uione mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya mabasi ya watalii kuondoka jioni. Trulli ni nyumba za mawe zenye paa la koni, zilizojengwa bila chokaa wala saruji. Inasimuliwa kwamba mabwana wa Conversano walitaka nyumba zinazobomoka upesi, ili mkaguzi wa kodi wa mfalme wa Napoli akija asikute mji wa kutozwa. Mwaka 1797 mfalme Ferdinand IV aliwapa wakazi uhuru wa kuwa mji chini yake. Mtaa wa Rione Monti umejaa maduka. Vuka barabara uingie Aia Piccola, ambako watu bado wanaishi. Trullo Sovrano, yenye ghorofa, ilijengwa kwa chokaa na inafunguliwa kwa wageni.

Mapango ya Castellana yaligunduliwa na Franco Anelli Januari 1938. Njia kamili, kwenda na kurudi, ni kilomita 3 na huchukua karibu saa mbili. Ile fupi ya kilomita 1 haifiki Grotta Bianca, chumba cheupe cha mwisho, na bila hicho safari haijatimia. Ndani kuna ubaridi na unyevu mkali mwaka mzima. Vaa sweta na viatu visivyoteleza.

Usiku wa nyama uwe Cisternino. Wachinjaji wa huko wana tanuri nyuma ya duka: unachagua nyama kwenye kaunta, inapimwa kwa kilo, inachomwa, unaketi nje ukisubiri. Gramu 300 hadi 400 kwa mtu zinatosha. Bombette, vifundo vidogo vyenye jibini ndani, ni vya nguruwe. Asiyekula aombe "agnello", kondoo, na aseme achomewe peke yake. Martina Franca inasifika kwa capocollo, nyama ya shingo ya nguruwe inayooshwa kwa mvinyo uliopikwa kisha kufukizwa moshi.

Mwenye gari asiache Castel del Monte, karibu na Andria, magharibi mwa Bari. Ngome hii ya mfalme Federico II, ya karne ya 13, ina pembe nane, minara minane yenye pembe nane kila mmoja, na vyumba vinane kila ghorofa. Itafute kwenye sarafu ya senti 1 ya Italia. Ukiwa Andria kula burrata, ambayo imelindwa kwa hati ya IGP tangu 2016. Ni mfuko wa mozzarella uliojazwa nyuzi za jibini na krimu. Nunua iliyotengenezwa siku hiyo, uile ndani ya saa 24, na usiitoe kwenye friji moja kwa moja hadi mdomoni: baridi huigandisha krimu na kuua ladha. Iache nje nusu saa, au iweke na mfuko wake ndani ya maji vuguvugu dakika 10. Ikipasuliwa, krimu imwagike polepole. Ikitoka maji matupu, imepita wakati.

Mvinyo: soma chupa, panga mpangilio

Majina manne yanatosha kuanzia. Primitivo ya Manduria ni nyekundu nzito, si chini ya asilimia 13.5 ya kileo na mara nyingi 14 au 15; kwa vinasaba ni zabibu ile ile ya Zinfandel ya California. Negroamaro ya Salento, yaani kisigino chenyewe kuzunguka Lecce, ni nyekundu yenye uchungu kidogo mwishoni. Nero di Troia ya kaskazini hukaza ulimi na inataka nyama. Verdeca ni nyeupe nyepesi ya Valle d'Itria. Juu ya hizo kuna rosato ya Negroamaro, na kwa joto la huku ndiyo inayofaa milo mingi kuliko zote: pweza, vya kukaanga, nyanya. Usimpe samaki mbichi Primitivo. Mdomoni hubaki ladha ya chuma.

Kuonja shambani andika siku tatu kabla na utaje neno "degustazione". Wakati wa mavuno usifike bila miadi, watu wako kazini. Onja kwa mpangilio huu: nyeupe, rosato, Negroamaro, Primitivo, na mwisho Dolce Naturale, Primitivo tamu. Ukianza na nzito, nyepesi hazitasikika tena. Kumwaga au kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu. Dereva asizidi gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu, na mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu haruhusiwi kabisa.

Kiangazi nyekundu hufika mezani ikiwa na joto la chumba, na kileo hupanda puani. Omba ndoo ya barafu dakika 10. Nyuzi 16 zinatosha. Mgahawani "un quarto" ni robo lita ya mvinyo wa nyumba, "mezzo" ni nusu. Kule Manduria ushirika wa wakulima una jumba la kumbukumbu ndani ya matangi ya zamani ya saruji chini ya ardhi, na vyama kama hivyo huuza mvinyo kwa lita kwa bomba la mkono, kama pampu ya petroli. Huo unywe ndani ya siku chache.

Lecce na kisigino chenyewe

Lecce imejengwa kwa jiwe laini la rangi ya asali linalochongeka kirahisi, ndiyo sababu uso wa kanisa la Santa Croce umejaa wanyama, matunda na malaika mpaka hakuna pengo. Kifungua kinywa ni pasticciotto, keki ndogo ya mviringo mrefu yenye kastadi, iliwe ikiwa moto, pamoja na caffè leccese: espresso juu ya barafu na sharubati ya lozi. Nyumba ya Museo Faggiano iko karibu. Mwaka 2001 mwenye nyumba alichimba kutafuta bomba la choo lililovuja, akakuta makaburi, maghala na mabirika ya zama za Wamessapia, watu wa kale wa huku, Warumi na waliofuata. Leo unashuka ngazi unayaona.

Otranto nenda kwa ajili ya sakafu ya kanisa kuu. Mtawa Pantaleone aliitandaza kwa vijiwe kati ya 1163 na 1165: mti mkubwa wa uhai unaosimama juu ya tembo wawili, na matawini kuna Nuhu, Aleksanda Mkuu, Mfalme Arthur na kazi za miezi kumi na miwili. Upande wa kulia wa altare kuna makabati ya vioo yenye mafuvu ya watu waliouawa Waosmani walipouteka mji mwaka 1480. Mwonye mtoto kabla ya kuingia.

Gallipoli shuka kwenye kinu cha zeituni kilichochongwa chini ya mwamba. Vinu hivi vilichimbwa chini kwa sababu mafuta huganda kwenye baridi, na chini ya ardhi joto la wanyama na watu liliyaweka yakitiririka. Mafuta hayo yaliwasha taa za miji ya Ulaya. Njiani utaona mizeituni mikavu ya kijivu, maili kwa maili. Ni bakteria Xylella, iliyotambuliwa hapo mwaka 2013. Usivunje wala kubeba tawi lolote. Mizee iliyo hai bado iko kati ya Ostuni, Fasano na Monopoli.

Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa

Maneno ya kukumbuka: maiale ni nguruwe, strutto na lardo ni mafuta yake, cavallo ni farasi, ambaye Salento hupikwa mchuzi na kuitwa pezzetti. Pasticciotto ya asili hukandwa kwa strutto, uliza "c'è strutto?" au tafuta iliyoandikwa siagi, burro. Taralli, vile vijiduara vikavu, huwa na mvinyo mweupe ndani ya unga. Jibini nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha mnyama. Zinazobaki ni tele: fave e cicoria, yaani rojo la kunde kavu za fava na mboga chungu, tiella, focaccia ya mafuta ya zeituni, samaki wa kuchoma. Omba kuonja mafuta badala ya mvinyo; mashamba mengi hufanya hivyo. Coratina, aina ya zeituni ya huku, huchoma kooni, na huo ukali ni dalili ya ubora.

Kubeba nyumbani

Mafuta nunua kwenye kopo la bati, si chupa nyeupe, yakiwa na mwaka wa mavuno. Mwanga na joto huyaharibu. Yaende kwenye begi kubwa, maana viwanja vingi bado huweka mwisho wa mililita 100 mkononi. Chupa ya mvinyo ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, basi hesabu kabla ya kununua sita. Burrata haisafiri. Jibini ya caciocavallo ifungwe bila hewa, "sottovuoto", na uulizie kwanza forodha ya nchi yako kuhusu jibini na nyama. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua kwa zaidi ya euro 70 dukani kwa mkupuo mmoja anaweza kuomba fomu ya kurudishiwa kodi. Fomu ithibitishwe na forodha uwanja wa ndege kabla begi halijapokelewa, kwani wanaweza kutaka kuziona chupa zenyewe.